Jiji, Ziwa na Dingi: Historia ya Mikusanyiko ya Mwisho wa Juma katika Ziwa la Ullswater

Utangulizi

Kila mwaka, mwishoni mwa juma la kwanza la Julai, zaidi ya mashua ndogo 200 za tanga hukusanyika katika Ziwa la Ullswater, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ndani ya eneo la milima na maziwa linaloitwa Lake District. Nyingi hufika zikiwa juu ya trela nyuma ya magari ya familia. Hushushwa majini ufukoni mwa klabu ya Ullswater Yacht Club na, kwa siku mbili za Jumamosi na Jumapili, hulipita ziwa kwa urefu wake hadi kwenye visiwa vya upande wa Glenridding, kisha hurudi. Shindano hilo linaitwa Lord Birkett Memorial Trophy. Lilianza mwaka 1963, kwa kumbukumbu ya Norman Birkett, jaji aliyesimama katika Baraza la Malodi tarehe 8 Februari 1962 kulitetea ziwa hilo dhidi ya Jiji la Manchester, akafariki dunia siku mbili baadaye.

Masimulizi yanayozoeleka kuhusu tukio hili ni mafupi na yanapendeza: jiji lilitaka kulinywa ziwa, mwanasheria akasimama, ziwa likapona, mabaharia wa Jumamosi wakaweka kombe. Makala haya hayakusudii kuyakanusha. Yanadai tu kwamba masimulizi hayo yameacha nje nusu ya historia. Jiji lile lile lililotamani maji ya Ullswater ndilo lililozaa, pamoja na miji mingine ya viwanda iliyolizunguka, watu waliokuja kusafiri juu ya maji hayo. Na kile kilichozuiwa mwaka 1962 kiliruhusiwa, kwa sura nyingine, miaka minne baadaye. Mkusanyiko wa dingi ziwani kwa hiyo si kisa cha maumbile yaliyookolewa kutoka mikononi mwa mji. Ni sehemu ya historia ya mji wenyewe.

Dingi na matembezi ya tanga

Neno dingi linahitaji ufafanuzi mbele ya msomaji wa Kiswahili. Katika lugha ya mitaani dingi ni baba mzazi, na huenda wapo watakaoanza kuisoma makala hii kwa matumaini hayo. Katika lugha ya vyombo vya majini, dingi ni mashua ndogo. Hapa neno hili linatumika kwa maana finyu zaidi: mashua ya wazi, isiyo na chumba cha kulala, yenye urefu wa mita tatu hadi tano hivi, ambayo mlingoti wake huweza kung'olewa kwa mikono na ambayo, badala ya mkuku mzito, ina ubao wa kushushwa na kupandishwa katikati yake. Ubao huo ndio unaoeleza mengi katika historia hii. Ukipandishwa, mashua hupita penye maji yanayofika magotini, hupandishwa ufukoni bila gati, na hulala juu ya trela bila kupinduka. Ukishushwa, mashua huweza kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kugeuza tanga upande huu na upande ule. Chombo cha namna hiyo hakihitaji bandari, na asiyehitaji bandari hahitaji mali nyingi.

Aidha, ni lazima kutofautisha mambo mawili ambayo mtazamaji wa ufukoni huyaona kuwa kitu kimoja. La kwanza ni mashindano. La pili ni yale tutakayoyaita hapa matembezi ya tanga: safari isiyo na mshindi, ambamo mashua kadhaa hukutana Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi, wenyewe hutazama anga na kukubaliana kuhusu ghuba ya kufikia, kisha kila moja huenda kwa mwendo wake. Jioni mashua hufungwa ubavu kwa ubavu au huvutwa kokotoni; chai huchemshwa juu ya jiko dogo, na turubai hutandazwa juu ya boriti ya tanga ili sakafu ya mashua iwe kitanda. Watu huzungumza kuhusu kamba, gundi, na namna ya kupunguza tanga upepo unapozidi. Mazungumzo hayo yanaweza kuonekana duni kwa mwanahistoria wa siasa. Hata hivyo ni humo ndimo maarifa ya ufundi yaliporithishwa, kwa kuwa watu hawa hawakuwa na nahodha wala chuo.

Ziwa na sheria yake

Ullswater ni la pili kwa ukubwa miongoni mwa maziwa ya Uingereza. Urefu wake unakaribia kilomita 12, upana wake kwa sehemu kubwa haufiki kilomita moja, na kina chake hufikia mita 63. Halikunyooka: limejikunja mara mbili kati ya milima, hivyo lina sehemu tatu, na kila sehemu ina upepo wake. Mtu anayetoka Pooley Bridge upande wa kaskazini akiwa na upepo wa kutulia huweza, akikata kona, kukutana na dharuba zinazoporomoka kutoka mabondeni, dakika moja za mbele na dakika ya pili za ubavuni. Kwa mashua kubwa hali hii ni kero. Kwa dingi ni shule nzima katika siku moja, na ndiyo sababu mojawapo ya ziwa hili kupendwa na watu wasio na haraka.

Sababu nyingine ni ya kisheria, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Kati ya maziwa mengi ya Lake District, ni manne tu makubwa ambayo umma unatambuliwa kuwa na haki ya kupita juu yake kwa chombo: Windermere, Ullswater, Coniston Water na Derwentwater. Haki hiyo ni ya maji, si ya nchi kavu. Mtu anaweza kuwa huru katikati ya ziwa na akawa mvamizi mara tu anapokanyaga ufuko, kwa maana sehemu kubwa ya fuko ni mali ya watu au taasisi, na sheria ya Uingereza haimpi mtu haki ya jumla ya kupiga hema popote anapotaka. Hali hiyo ndiyo iliyoupa mkusanyiko umbo lake. Wenye dingi walilazimika kukutania mahali pachache palipokuwa na njia ya kushushia mashua: klabu, kambi za kulipia, na ardhi ya taasisi ya National Trust. Na pale ambapo nchi kavu ilikuwa na mwenyewe, mashua yenyewe ikawa nyumba ya kulala.

Waliotangulia

Desturi ya kukusanya vyombo vidogo vya tanga ziwani kwa ajili ya starehe haikuanzia Ullswater. Mwaka 1865 Mskoti John MacGregor alizunguka mito na maziwa ya Ulaya akiwa peke yake ndani ya mtumbwi aliouita Rob Roy, uliokuwa na kasia na tanga dogo. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata, na mwaka huo huo ikaanzishwa klabu ambayo baadaye ilikuja kuitwa Royal Canoe Club. Agosti 1880, upande wa pili wa Atlantiki, Nathaniel Bishop na wenzake walikutana katika Ziwa la George, jimbo la New York, wakaunda American Canoe Association. Mkutano wao ulikuwa kambi: mahema ufukoni, mitumbwi ya tanga majini, mashindano mchana na hadithi usiku. Umbo la mkusanyiko wa leo lilikuwa tayari pale.

Na hitilafu yake nayo ilikuwa pale. Mwaka 1886 Warington Baden-Powell, kaka yake mwanzilishi wa Skauti, alivuka bahari pamoja na mwenzake Walter Stewart kushindana na Wamarekani katika Mto St Lawrence. Mitumbwi ya Waingereza ilikuwa mizito, imewekewa uzito wa chini, na imeundwa ili mwenyewe aweze kulala ndani yake. Ya Wamarekani ilikuwa myepesi, na wenyewe walikaa nje ya ubavu ili kuisawazisha kwa miili yao. Waingereza walishindwa. Tangu hapo mbunifu wa mtumbwi wa tanga alijua kwamba chombo cha kushinda si chombo cha kulala, na mvutano kati ya mbio na matembezi haujatulia hadi leo.

Katika Lake District kwenyewe, klabu ya Windermere ambayo leo inaitwa Royal Windermere Yacht Club ilianzishwa mwaka 1860, miaka 13 tu baada ya reli kufika ukingoni mwa ziwa hilo. Wenye mashua wa wakati ule walikuwa wenye viwanda, na mashua zao zilikuwa na mikuku na watumishi. Reli hiyo iliyofunguliwa mwaka 1847 ilikuwa imepingwa vikali na mshairi William Wordsworth katika barua alizopeleka gazetini mwaka 1844. Hoja yake moja inafaa ikumbukwe: aliona kwamba kuwaleta wafanyakazi wa viwandani kwa wingi mbele ya milima ile kungeiharibu milima bila kuwafaidi wao, kwa kuwa jicho la kuipenda mandhari kama ile halipatikani kwa safari ya siku moja. Utetezi wa maziwa, basi, ulianza ukiwa utetezi dhidi ya watu wa Manchester kabla haujawa utetezi dhidi ya mabomba ya Manchester. Wanaharakati wa baadaye walirithi mapenzi ya Wordsworth, na baadhi yao, kwa maoni yangu, walirithi pia dharau yake, ingawa waliisema kwa sauti ya chini.

Aliyeipa dingi heshima mbele ya watoto wa tabaka la kati alikuwa Arthur Ransome. Riwaya yake Swallows and Amazons, iliyotoka mwaka 1930, inasimulia watoto wanaosafiri kwa mashua ndogo ya tanga hadi kisiwani na kupiga kambi bila wazazi. Ziwa la riwaya ni mchanganyiko wa Windermere na Coniston Water, na chanzo chake kimojawapo ni watoto wa familia ya Altounyan iliyoishi Aleppo, nchini Syria, ambao Ransome alisafiri nao Coniston mwaka 1928. Kitabu hicho kilifanya jambo ambalo klabu hazikulifanya: kilimwonyesha msomaji kwamba safari ya kweli inaweza kufanyika ndani ya maili chache za maji matamu. Lakini kilimwachia swali. Mashua ipatikane wapi, na Jumamosi itoke wapi?

Jumamosi, plaiwudi na barabara

Jumamosi ilitoka viwandani. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliamuru kwamba katika viwanda vya nguo kazi ya wanawake na vijana ikome saa nane mchana siku ya Jumamosi, na kwa kuwa mashine hazikuweza kuendeshwa bila wao, wanaume nao walipumzika. Lancashire, nchi ya pamba, ikawa na alasiri huru kabla ya sehemu nyingine nyingi za dunia. Alasiri hiyo ilizaa mpira wa miguu na ilizaa utembeaji wa milimani. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao kutoka Manchester, waliingia kwa makusudi katika mlima wa Kinder Scout uliofungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege, na watano kati yao walihukumiwa kifungo. Mwaka 1938 ilipitishwa sheria ya likizo yenye malipo. Mwaka 1949 sheria ya hifadhi za taifa. Na mwaka 1951 Lake District ikatangazwa kuwa hifadhi. Baada ya vita, juma la kazi la siku tano lilienea, na mwisho wa juma ukapata usiku wake wa katikati. Bila usiku huo hakuna matembezi ya tanga, kwani safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo haimpi mtu nafasi ya kuungoja upepo.

Mashua ilitoka vitani. Kabla ya vita, dingi iliundwa kwa mbao nyembamba zilizopangwa na kupigiliwa misumari ya shaba na fundi aliyejifunza kazi hiyo kwa miaka. Gundi za kemikali zisizoyeyuka majini, kama Aerolite iliyobuniwa na Norman de Bruyne mwaka 1937, zilitumika kuunganisha miili ya ndege za kivita za mbao aina ya Mosquito. Vita vilipokwisha, gundi na plaiwudi vilibaki. Mwaka 1949 Jack Holt alibuni GP14, dingi ya futi 14 iliyokusudiwa kuundwa nyumbani, kuvutwa na gari dogo, kupigwa makasia na kusafiri kwa tanga. Mwaka 1957 Ian Proctor alibuni Wayfarer, yenye urefu wa karibu mita 4.8, pana na tulivu kiasi cha watu wawili kulala sakafuni mwake. Mwaka 1963, mwaka ule ule wa kombe la kwanza la Birkett, gazeti la Daily Mirror lilitoa dingi ya Mirror, iliyobuniwa na Holt pamoja na Barry Bucknell, mtangazaji wa kipindi cha televisheni cha ufundi wa nyumbani. Vipande vyake vya plaiwudi vilishonwa kwa waya wa shaba na kuzibwa kwa utepe na gundi, kazi ambayo mtu aliweza kuifanya katika chumba cha kuwekea gari. Ilianza kuuzwa kwa pauni 63 na shilingi 11. Zaidi ya 70,000 zimeundwa, na matanga yake mekundu yalikuwa tangazo la gazeti lililosafiri bure.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Mirror ilisambazwa na gazeti la wafanyakazi. Msomaji wake alikuwa karani, fundi umeme, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa karakana. Ndiye yule ambaye Wordsworth aliona hana jicho.

Katika miaka hiyo ya 1950 iliundwa pia Dinghy Cruising Association, chama cha watu waliotaka kutembea na si kushindana. Chama hicho kilikuwa na jarida la kusimuliana safari na ratiba ya mikusanyiko katika maziwa na milango ya mito, na bado kipo. Mfano mkuu wa imani yao ulikuwa Frank Dye, ambaye akiwa na mwenzake mmoja alisafiri kwa Wayfarer yake, Wanderer, kutoka Scotland hadi Iceland mwaka 1963 na hadi Norway mwaka uliofuata. Safari hizo ziliwavutia wengi na kuwatisha wengi zaidi. Nadhani wanahistoria wa mchezo huu wamezipa uzito kupita kiasi. Kwa kila Dye mmoja aliyevunjikiwa mlingoti katika Bahari ya Norway, walikuwepo mamia ambao bahari yao ilikuwa Ullswater, na ambao hatari yao kubwa ilikuwa maji baridi na dharuba ya ghafla chini ya mlima. Margaret, mke wa Dye, alikuja kuandika kitabu cha matembezi ya dingi ambacho kinawafaa zaidi hao wa pili.

Barabara ilikuja mwisho. Njia kuu ya M6, iliyoanza na kipande kifupi cha Preston mwaka 1958, ilikamilishwa kupita milima ya Shap mwaka 1970. Fundi wa Manchester aliyetoka kazini Ijumaa aliweza sasa kuwa Pooley Bridge kabla ya giza la kiangazi kuingia.

Kiu ya Manchester

Maji yalikuwa yametangulia kwenda upande wa pili. Manchester ilikuwa imekua haraka kuliko visima na mabwawa yake, na viwanda vya nguo havikuhitaji maji ya kunywa tu bali ya kufua, kupaka rangi na kuendesha mitambo ya mvuke. Kwa sheria ya mwaka 1879 jiji lilipewa Ziwa la Thirlmere. Chama cha kulitetea kilichoundwa mwaka 1877 kilishindwa, ingawa katika kushindwa huko walijifunza kazi watu kama Padri Hardwicke Rawnsley, mmoja wa walioanzisha National Trust mwaka 1895. Bwawa lilijengwa, kina kikaongezwa kwa mita 15 hivi, na mwaka 1894 maji yakafika Manchester kupitia mfereji wa karibu kilomita 154 ambao hauna pampu hata moja. Maji hushuka yenyewe njia nzima. Ni kazi ya uhandisi inayostahili sifa, na hakuna haja ya kumnyima sifa hiyo mhandisi kwa sababu tu mshairi hakuipenda.

Baada ya Thirlmere ilifuata Haweswater. Bwawa lililoanza kujengwa mwaka 1929 lilipandisha ziwa kwa mita 29 na kukizamisha kijiji cha Mardale. Ibada ya mwisho ilifanyika kanisani mwake Agosti 1935. Makaburi yalifukuliwa, mabaki yakazikwa upya, mengi yake Shap, na jengo la kanisa likabomolewa.

Kwa wenye dingi, somo la maziwa haya mawili lilikuwa bayana. Ziwa likishakuwa tangi la jiji, jiji hulifunga. Kwa miongo mingi umma ulizuiwa kuzifikia fuko za Thirlmere, ambazo zilipandwa misonobari hadi karibu na maji, kwa hoja ya usafi wa maji ya kunywa. Haweswater haikuwa tena mahali pa matanga. Kwa hiyo mwaka 1961, Manchester ilipopeleka bungeni muswada wa kuchukua maji ya Ullswater na kujenga bwawa jipya katika bonde la Bannisdale, klabu na vyama vya ziwani havikuwa vinatetea mandhari peke yake. Vilikuwa vinatetea moja ya sehemu nne tu za maji ambazo mtu asiye na ardhi angeweza kusafiri juu yake kwa haki yake mwenyewe.

Februari 1962

Norman Birkett alizaliwa Ulverston, kusini mwa Lake District, mwaka 1883, mwana wa mfanyabiashara wa nguo. Alikuwa wakili mashuhuri wa kesi za jinai, kisha jaji, na katika kesi ya viongozi wa Kinazi huko Nuremberg alikuwa jaji wa akiba wa Uingereza. Alipozungumza katika Baraza la Malodi tarehe 8 Februari 1962 alikuwa na umri wa miaka 78. Hoja yake haikuwa kwamba watu wa Manchester wasinywe maji. Alihoji kama ni sawa hifadhi iliyotangazwa na taifa zima kwa ajili ya taifa zima ivunjwe kwa muswada wa jiji moja, kabla haijathibitika kwamba hakuna njia nyingine. Malodi walipiga kura: 70 waliunga mkono kuviondoa vifungu vya Ullswater, 36 walipinga.

Tarehe 10 Februari Birkett alifariki. Kifo hicho kiliigeuza hotuba kuwa wosia. Kilele kimoja juu ya ziwa, ambacho hakikuwa na jina, kiliitwa Birkett Fell. Kibao cha kumbukumbu kikawekwa kwenye mwamba wa Kailpot Crag, juu ya maji. Na mwaka uliofuata dingi zikapewa kombe lake. Inafaa kutambua kwamba kati ya kumbukumbu hizo tatu, mbili ni za mawe na moja ni ya watu wanaokutana. Shindano lenyewe lilihifadhi tabia za matembezi ya tanga: njia yake si pembetatu fupi ya maboya bali ni ziwa kwa urefu wake, na dingi za kila aina huingia pamoja, kongwe na mpya, huku tofauti zao zikisawazishwa kwa hesabu za muda. Wengi wa wanaoanza hawana tumaini la kushinda. Wanakuja kulizunguka ziwa wakiwa pamoja na wengine.

Kombe na pampu

Kilichofuata hakisimuliwi sana ufukoni. Kiu ya Manchester haikuisha kwa kura ya Malodi. Jiji lilirudi na mpango mpya, uchunguzi wa hadhara ukafanyika, na mwaka 1966 Waziri Richard Crossman aliruhusu maji ya Ullswater yachukuliwe kwa masharti: kituo cha pampu kiwe chini ya ardhi, mtambo usionekane kutoka ziwani, kiasi cha maji kiwe na kikomo, wala usijengwe ukuta wa kulipandisha ziwa. Kazi ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo, maji ya Ullswater husukumwa kwa njia ya chini kwa chini hadi Haweswater, na kutoka huko hushuka kwenda kusini.

Je, Birkett alishinda? Jibu linategemea swali. Kama swali lilikuwa ni kuzuia maji yasiende Manchester, alishindwa akiwa kaburini. Kama lilikuwa ni nani atakayekuwa na ziwa, alishinda kwa kiasi ambacho hata yeye pengine hakukitarajia. Bila kura ya 1962, Manchester isingelazimika kuficha mtambo wake, na Ullswater ingeweza kufungwa kama Thirlmere. Masharti ya Crossman yalithibitisha jambo ambalo wahandisi wa 1879 hawakulikubali, kwamba ziwa moja linaweza kunywewa na kusafiriwa kwa wakati mmoja. Thirlmere yenyewe baadaye ilifunguliwa kwa vyombo vidogo visivyo na injini, dingi zikiwemo. Ushindi mkubwa zaidi, kwa mtazamo huu, haukuwa ule wa Baraza la Malodi. Ulikuwa ni mapatano ya 1966, ambayo hayana kombe.

Mwendo wa maili 10

Suala la nani mwenye ziwa liliibuka tena upande mwingine. Tarehe 23 Julai 1955 Donald Campbell alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mwendo wa majini juu ya Ullswater hiyo hiyo, kwa maili 202.32 kwa saa, wa kwanza kupita maili 200 na kuishi kuisimulia rekodi hiyo. Kilichokuwa maajabu mwaka 1955 kilikuwa kero miaka 20 baadaye, pale boti za injini na watelezaji wa majini walipoongezeka. Kikomo cha maili 10 kwa saa kiliwekwa Ullswater, Coniston Water na Derwentwater. Windermere ilibaki ya mwisho. Uchunguzi wa hadhara ulifanyika miaka ya 1990, na kikomo kikaanza kutumika huko mwishoni mwa Machi 2005.

Wenye dingi walifurahi, na ni rahisi kuelewa kwa nini: wimbi la boti ya kasi linatosha kuijaza maji mashua ya mita tatu. Lakini waliofukuzwa Windermere nao walikuwa watu wa miji ya kaskazini, wengi wao mafundi na wafanyabiashara wadogo waliovuta boti zao kwa trela kupitia M6 Ijumaa jioni. Walielezwa kwamba utulivu ni thamani ya hifadhi na kwamba starehe yao haiendani nayo. Walijibu kwamba haki ya kupita majini ilikuwa yao pia, na kwamba neno utulivu lilikuwa likitumiwa na wale ambao starehe yao haikuhitaji kelele. Baadhi yao waliziuza boti. Wengine walizihamishia baharini, na katika fuko walizoziacha trela za dingi zilipata nafasi ya kutosha kugeuzia.